Pointi Nilizomwachia Wifi Yangu

Kisanduku chenyewe hakizidi ukubwa wa kipande cha sabuni. Binti yangu alikileta nyumbani kwangu Mandewa tarehe ishirini na tatu Desemba, alipokuja likizo kutoka Dodoma, akakichomeka kwenye televisheni kando ya king'amuzi. Mara kioo kikajaa gemu za zamani, zile ambazo yeye na wenzake walizichungulia kwenye kibanda cha stendi walipokuwa wadogo, baba yake akimkataza na mimi nikimuunga mkono.

"Mama, kazini kwetu tunabishana kila siku gemu ipi ilikuwa bora," aliniambia. "Sisi wote tuna upendeleo wa utoto. Wewe huna. Zicheze zote, kisha utupangie kumi bora."

Aliondoka tarehe tatu Januari. Nadhani alifikiri ameniachia burudani. Mimi nilihesabu kwamba ameniachia kazi ya nyumbani, na kazi ya nyumbani siifanyii mzaha. Nilishika kalamu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka arobaini na miwili, mwaka mmoja na miezi miwili baada ya kumzika mume wangu, na nilifanya mtihani wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa na hamsini na mmoja. Mtu aliyeipata shule kwa kuchelewa haachi swali wazi.

Orodha yangu ya kwanza naikumbuka kwa aibu kidogo. Kila gemu inapoanza, huonyesha chini ya kioo mwaka iliotengenezwa. Nilinakili miaka yote kwenye daftari la kaunta, nikaiweka gemu iliyozaliwa kwanza juu kabisa na ile changa kuliko zote chini. Nilipomsomea binti yangu kwenye simu, alicheka mpaka akakohoa.

"Mama! Hiyo si orodha ya ubora. Hiyo ni foleni ya kuamkiwa shikamoo!"

Alikuwa sahihi, nami sikumpa nafasi ya kulirudia. Nilifungua ukurasa mpya, nikajiwekea vipimo vinne. Je, gemu inajieleza yenyewe kwa mtu asiyejua Kiingereza? Je, ikikuadhibu, inakuadhibu kwa kosa lako? Je, mtu akipiga hodi, unaweza kuiacha bila kupoteza kila kitu? Na je, ukishaizima, inakuachia jambo la kufikiria ukiwa unachambua mchicha?

Kwa vipimo hivyo nilicheza kila siku kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Ile ya ndege za vita niliiona ya kelele tu. Nayo haikungojei hata chungu kikiungua jikoni. Ile ya chura anayevuka barabara yenye magari ilijieleza yenyewe kuliko zote, kwa sababu nani asiyejua hofu ya kuvuka barabara? Lakini iliyonikamata ni ile ya matofali yanayoshuka kutoka juu. Ukilikosea tofali moja, kosa lako halikuui papo hapo. Linakaa chini, linafunikwa na matofali mengine, nawe huwezi kulifikia tena mpaka uondoe yote yaliyo juu yake. Nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba huo si mchezo wa watoto. Kufikia mwisho wa Januari niliiandika namba moja, kwa wino.

Jumatano, tarehe tano Februari, alikuja wifi yangu.

Huyu ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, ananizidi miaka minane, na anaishi peke yake Ulemo. Hakujaliwa mtoto, na mume wake alitangulia kabla ya wangu. Nilipoanza masomo, alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mke wa kaka yake ameacha kulia msiba, sasa anakwenda kukalia dawati. Sikumjibu siku ile. Nilimjibu kwa kutokanyaga kwake. Kwa miaka kumi na sita tulionana misibani na harusini tu, tukaamkiana kwa adabu zote, kisha kila mmoja akaenda kukaa upande wake.

Macho ndiyo yaliyomleta. Alikuwa hatambui tena mbuzi wake mpaka walie, akampigia simu binti yangu, binti yangu akanipigia mimi, nami nikasema nyumba ipo. Siku ya pili nilimpeleka hospitali. Daktari alimmulika, akasema ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba madaktari wa upasuaji wangefika Jumanne, tarehe nne Machi. Wangeanza na jicho moja, lile lililozidiwa. Akichelewa sana, alisema daktari, upasuaji wenyewe utakuwa mgumu. Wifi yangu aliitikia "ndiyo, daktari" kwa kila neno. 

Ilibidi tungojee karibu wiki nne katika nyumba moja, watu wawili wasio na mazungumzo. Siku mbili za kwanza tulizungumza habari za mvua. Siku ya tatu nilikuwa kwenye matofali yangu, naye akavuta kigoda mpaka karibu kabisa na televisheni.

"Wifi, ndiyo elimu yenyewe hiyo?"

"Ni kazi aliyonipa binti yetu," nilimjibu. "Ninapanga gemu kwa ubora."

"Na hicho cha pili kinachoning'inia ni cha nani?"

Alimaanisha pedi ya pili ya kuchezea. Nikampa. Nilimtafutia gemu iliyo nyepesi kuliko zote: vibao viwili, kimoja kila upande, na mpira mdogo mweupe unaorushwa huku na huku katikati ya kioo cheusi. Anayefika pointi kumi na moja kwanza ameshinda.

Alinifunga pointi mbili za mwanzo kwa sababu nilikuwa namweleza vitufe. Kisha nilimfunga moja, nikauona uso wake ukinyong'onyea. Hapo mkono wangu ulifanya wenyewe kile nilicholelewa kufanya. Kwetu wifi mkubwa hashindwi, na mgeni hashindwi. Huyu alikuwa vyote viwili, tena mgonjwa. Nilichelewesha kibao changu kidogo, mpira ukapita. Nikachelewesha tena.

"Kumi na moja!" alipiga kelele. "Andika! Si una daftari? Andika, msomi!"

Niliandika. Kuanzia siku ile, kila saa nane alikuwa ameshakaa kwenye kigoda kabla sijaosha vyombo. Alinitania bila huruma. "Kaka yangu alioa mkono mzito jamani!" alikuwa akisema. "Huo ugali aliulaje?" Nami nilimtania kwamba anacheza kama mtu anayefukuza kuku. Tulicheka. Sikuwa nimecheka na mtu wa upande wa mume wangu tangu nimzike. Na sasa niseme ukweli wote: furaha ile ndiyo iliyoniharibia hesabu. Niliifuta gemu ya matofali kwenye namba moja, nikaweka ile ya vibao. Binti yangu aliuliza kwa nini kitu chepesi namna ile kimepanda juu kabisa. Nikamwambia vipimo ni vyangu.

Ijumaa, tarehe ishirini na nane Februari, nilirudi kutoka sokoni nikamkuta anakunja kanga na kuzipanga kwenye begi.

"Wifi, unafua au unasafiri?"

"Kesho naondoka na basi la asubuhi. Alizeti yangu inataka palizi."

"Na Jumanne?"

"Jumanne kuna nini?"

"Wifi, usinifanye mtoto. Madaktari."

Alifunga zipu ya begi. "Madaktari wamtafute asiyeona. Mimi naona. Asiyeona anakushindaje wewe, mwenye macho yako na vyeti vyako? Lete daftari lako tusome."

Daftari lilikuwa juu ya meza, na mwandiko ulikuwa wangu. Michezo ishirini na mitatu, wifi kashinda kumi na tisa, kila mmoja na tarehe yake. Nilisimama na mfuko wa nyanya mkononi, nikaona nilichokifanya. Kwa wiki tatu nilikuwa nikimwandikia mgonjwa cheti cha uongo, safi, chenye mistari iliyopigwa kwa rula. Adabu yangu ndiyo iliyokuwa inampandisha basi arudi Ulemo akapofuke.

Kusema ilikuwa vigumu. Kumwambia mkubwa wako kwamba ulimwachia ni kumtukana mara mbili, kwa kumwachia na kwa kumwambia. Tena nilijua nikisema, hatacheka na mimi tena.

"Nilikuachia," nilisema.

"Rudia."

"Nilikuachia, wifi. Karibu zote. Nilikuwa nachelewesha mkono."

Alikaa kitandani. 

"Kwa hiyo mimi nilikuwa mtoto wa kubembelezwa."

"Ulikuwa mgeni wangu."

"Washa kile kisanduku."

"Wifi, hakuna haja..."

"Nimesema washa! Na ukilegeza mkono hata mara moja, usije kwangu hata nikifa."

Niliwasha. Nilicheza kama ninavyocheza peke yangu. Pointi ya kwanza yangu, ya pili yangu, ya tano yangu. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Hilo sikuwa nimelijua. Kila mpira ulipogonga kibao changu, alishtuka na kusukuma kibao chake juu au chini, kwa ujasiri, mahali ambapo mpira haukuwepo. Tulipofika kumi kwa sifuri nilitaka kuacha.

"Maliza," alisema.

Nikamaliza. Aliiweka pedi sakafuni polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Mimi nilikuwa nasikiliza," alisema. "Ukigonga, ile sauti, tik. Nilikuwa nahesabu moja, mbili, halafu nasukuma. Mpira wenyewe sijauona hata siku moja. Naona weupe umetawanyika, kama unga kwenye maji." Akapapasa waya wa pedi. "Nilipoanza kushinda nikasema, kumbe kuhesabu kunatosha. Mtu anaweza kuishi kwa kuhesabu."

Nikamuuliza anaogopa nini. Nilitegemea ataniambia kisu.

"Wakikosea? Sasa hivi nauona mlango, nauona moto, najua njia ya chooni. Wakikosea nikawa kipofu kabisa, nani wa kunishika mkono? Kaka yangu yuko wapi? Wewe hujaja kwangu miaka mingapi?"

"Kumi na sita," nilisema. Kwa tarehe sikuweza kudanganya. "Tangu ulichosema kuhusu dawati."

"Nilisema kwa wivu," alisema, kwa sauti ile ile ambayo mtu hutajia bei ya vitunguu. "Mimi nilikatazwa shule. Wewe hakuna aliyekukataza, ukaenda. Haya, nimesema. Umeniachia michezo kumi na tisa, mimi nakuachia hilo moja."

 Nilimwambia kwamba wakikosea atakaa hapa, chumba ni kile kile, na mkono ni wangu mimi, huo huo mzito. Na kwamba wasipokosea pia anaweza kukaa, lakini palizi ya alizeti itabidi tumlipe mtu.  Alifungua zipu ya begi, akatoa kanga moja, akajifunga, akaenda kuwasha jiko.

Jioni ile nilimpigia binti yangu, nikamwomba aifute orodha niliyompa. Nilimweleza kwamba kile nilichokipa namba moja nilikuwa sijawahi kukicheza kwa haki, na jaji asiyecheza kwa haki hana cha kupanga. Aliniuliza ninaweka nini badala yake. Nikamwambia matofali, ila moyoni nilikuwa najua nimepungukiwa kipimo cha tano, nacho sikukiandika kwa sababu sikujua jinsi ya kukipigia alama: je, gemu inakuonyesha mtu aliyeketi karibu nawe? Ile ya vibao ilikuwa imenionyesha, lakini siku moja tu, ile niliyoacha kuwa na adabu.

Jumanne tulifika hospitali saa moja asubuhi. Kulikuwa na foleni ndefu ya wazee na wasindikizaji wao. Jina lake lilipoitwa hakuinuka. Liliitwa tena. Nikainuka mimi kwanza, nikanyoosha mkono, nikahisi kiganja chake, kikavu, kimenishika kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Nilimfikisha mlangoni. Kutoka pale muuguzi alimchukua, nami nikarudi kwenye benchi. Daftari nilikuwa nimelibeba, lakini sikulifungua.

Kesho yake, tarehe tano Machi, mwezi mmoja kamili tangu aje, muuguzi mwanamke alimbandua bendeji kwenye jicho. Wifi yangu alipepesa kope mara nyingi, machozi yakamtoka.

"Mama, hivi ni vidole vingapi?" muuguzi aliuliza.

Hakumtazama muuguzi. Alinigeukia mimi, akanikodolea kutoka kichwani mpaka miguuni.

"He! Wifi! Kumbe umejaa mvi namna hiyo! Mzee mzima, halafu unahangaika kuniachia pointi?"

"Jibu swali la muuguzi."

"Viwili. Na kucha zake amezipaka zambarau." Akamgeukia yule muuguzi, akajifuta shavu kwa ncha ya kanga. "Haya mwanangu, usisimame tu. Niandikie tarehe ya hili jicho la pili."