Wanawake Waliokimbia Kaburini

Nakumbuka, mwanangu, mwaka niliotoka chuo kikuu, ukurasa mmoja wa Injili ya Marko ulivyoninyima usingizi. Mwalimu wetu alikuwa ametueleza kwamba nakala za kale kabisa za injili hiyo huishia pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini wakitetemeka, wasimwambie mtu. Aya zinazofuata, ambamo Yesu anawatokea wanafunzi wake, hazimo. Yaelekea ziliongezwa na mkono mwingine. Wenzangu waliandika hayo, wakaenda kula. Mimi nikabaki na swali: kama mwisho uliongezwa, nimeamini nini tangu utotoni?

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Nilitaka kumwoa Njeri, msichana wa kule Waithaka, na baba yake, Mzee Gachanja, alikuwa kiongozi wa ndugu waliookoka. Kwao uchumba haukuamuliwa na wazazi peke yao. Kijana alisimama mbele ya ushirika, akasoma Neno, akatoa ushuhuda. Wakimkubali, mmoja wao alianzisha wimbo na wote wakaja kumkumbatia. Wasipomkubali walikaa kimya, na kimya hicho kilivunja uchumba. Kwa kuwa Pasaka ilikaribia, nikapewa kusoma sura ya mwisho ya Marko.

Otieno, rafiki niliyekaa naye mtaani Woodley, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Wewe bwana umesoma mpaka ukaharibika! Soma, sema umeokoka, oa. Hayo mengine utamwuliza Marko mwenyewe mbinguni."

"Na wakiniuliza?"

"Nani atakuuliza? Ni wewe tu unayejiuliza!"

Karibu nimsikilize. Jumapili ile nilitembea kwenda Waithaka nikipanga maneno na kuyapangua, nikimjibu kila mzee kabla hajauliza. Lakini ndugu wale walikuwa na sharti moja: usisimame mbele yao na jambo umelificha moyoni. Nilipofika mlangoni pa kanisa lao la mbao nikaamua. Nitaacha kusoma pale pale wanawake wanapokimbia, niwaeleze kwa nini.

"Bwana asifiwe," nikasema. Nikasoma hadi hapo, nikanyamaza, kisha nikawaeleza yote: nakala za kale, aya zisizokuwemo, usiku wangu bila usingizi.

Mzee mmoja alifunga Biblia yake kwa kishindo. "Hawa ndio wasomi wetu!"

Upande wa akina mama, Njeri alikuwa ameinamisha kichwa.

Baba yake hakupandisha sauti. "Kijana, wewe unaamini Yesu alifufuka?"

"Naamini, baba."

"Hata aya hizo zikiondolewa?"

"Hata hivyo. Paulo alishaandika habari hiyo kabla ya Marko. Lakini bado naogopa, na sitaki kumwoa binti yako nikikuficha hofu yangu."

Akafungua Biblia yake. "Basi hujamaliza kusoma. Hizo aya sisi tumezipokea. Endelea."

Nikasoma mpaka mwisho, nikaketi. Hakuna aliyeimba. Nilianza kuwaza nitakavyorudi Woodley, Otieno atakavyosema. Ndipo sauti nyembamba ikaanzisha wimbo upande wa akina mama. Mchumba hakuruhusiwa kumwimbia mchumba wake, kila mtu alilijua hilo, lakini alikuwa Njeri. Mama yake akaitikia, akafuata Mzee Gachanja, kisha wengine, si wote. Yule aliyefunga Biblia hakunipa mkono mpaka mtoto wetu wa kwanza alipobatizwa.

Mwanangu, usiogope kujua maandiko yalivyotufikia. Watu waliyanakili kwa mikono yao, na Mungu hakuona haya kuwatumia. Unapokutana na jambo gumu, usiliruke, wala usijifungie nalo chumbani mpaka likule. Lipeleke kwa waumini wenzako, hata kama watakununia. Soma waraka wa Paulo na injili ya Marko, uone kila mwandishi anasema nini kabla ya kuwalazimisha waseme neno moja. Unachokijua kiseme, usichokijua kiri kwamba hukijui, kisha uendelee kusoma. Mimi bado nasoma. Kila Pasaka nikifika kwa wale wanawake hunyamaza kidogo, na mama yako hunitazama.

Mungu aliyewangoja wanawake wale mwisho wa mbio zao akungoje na wewe, na siku utakayotetemeka akupe mtu wa kukuanzishia wimbo.