Siku Nilipoitangazia Kasulu Nzima Kwamba Nimeua

Jambo hili naona aibu kulisimulia mpaka leo, na kama si kwamba kuna watu walilishuhudia kwa macho yao (na wengine wakalirekodi kwa simu, Mungu anawaona), ningelinyamazia mpaka kaburini. Ila kwa kuwa mtalisikia tu huko mitaani, bora mlisikie kwangu.

Mimi ni mwalimu, nafundisha shuleni pale Kitahana, kwetu ni Tanga. Kigari changu nilikinunua kwa muuguzi aliyekuwa anahama Kibondo, gari la mkono wa tatu au wa nne sijui, injini nzima, viti vizima, ila gurudumu moja la nyuma lilikuwa linavuja mafuta ya breki. Sasa ukatangazwa ukaguzi wa magari, wiki ile unafanyika Kasulu, na mwalimu mwenzangu mmoja akaniambia bila hata kuinua kichwa kwenye madaftari, "Ukifeli wanalizuia. Linaota majani hapo hapo." Jamani, niliingiwa na hofu! Lile gari ndiyo ilikuwa akiba yangu yote ya miaka ya ualimu.

Nikakimbilia kwa fundi, Mzee Bukuru. Akaingia uvunguni, akatoka na uso wa msiba. "Kifaa cha breki kimekufa, mwalimu. Tubadilishe."

"Hakuna njia ya bei nafuu, mzee wangu?"

Akafuta mikono. "Naweza kuibana paipu ya gurudumu hili, mafuta yasifike, yale magurudumu mengine matatu yashike. Lakini hiyo ni ya kukufikisha gereji. Si ya kukufikisha Kasulu."

Na mimi msomi, mwenye cheti ukutani, nikamjibu, "Bana tu, mzee. Nitakwenda polepole."

Jirani yangu Mama Domitila akasikia naenda Kasulu, akaomba lifti. (Wazazi wake walikuja toka Burundi zamani, yeye kazaliwa hapa hapa, ni mfanyabiashara, na mdomo anao.) Alikuwa na dumu la mawese aliyouziwa Kasulu yakiwa yamechanganywa na maji, anakwenda kumrudishia aliyemuuzia, tena mbele ya wateja wake. Akakaa mbele pembeni yangu, dumu kalipakata. Nilimkubalia kwa sababu niliogopa kwenda peke yangu, na hilo nalo sikumwambia, wala habari ya breki sikumwambia.

Barabara ile mnaijua, unapanda unashuka, unapanda unashuka. Kila mteremko natia gia ndogo, mkono kwenye hendibreki, malori yananipigia honi nyuma. Mama Domitila akanitazama. "Mwalimu, mbona unatoka jasho na baridi hii?"

"Malaria, nadhani."

"Yoo, pole."

Tukafika salama, nikaanza kujiona mjanja. Uwanja wa ukaguzi uko mwisho wa kamteremko, pembeni wamemwaga kifusi cha moramu, magari yamepangwa, watu wamejaa. Zamu yangu ikafika, mkaguzi akasimama chini kule akanipungia mkono: "Njoo na mwendo kidogo, ukifika kwenye mstari ufunge breki!" Nikaja na mwendo kidogo. Nikafika kwenye mstari. Nikakanyaga.

Pedeli ikazama mpaka chini, laini, kama nimekanyaga ugali. Nikakanyaga tena, hakuna kitu, nikavuta hendibreki ikaja yote bila kushika, watu wanakimbia kushoto na kulia, mkaguzi karuka kama swala, na mimi naita "Mama! Mama!" mtu mzima mwenye watoto watatu, mpaka nikapata akili ya kukata usukani, gari likajipigiza kwenye kifusi, puu! Likazimika.

Nikageuka. Mama Domitila kafumba macho, kichwa kimelala upande, na kuanzia kifuani mpaka miguuni ni mwekundu, wekundu unatiririka, unadondoka mlangoni.

Habari ya mawese haikuwamo kichwani mwangu kabisa. Nilitoka nje mikono kichwani nikipiga kelele, "Nimeua! Jamani nimeua mtu! Breki nilijua mbovu! Fundi alinikataza, nikamwambia abane! Nifungeni!" Nikapiga magoti, nikaungama yote, hata ile malaria ya uongo nikaitaja.

Mlango wa pili ukafunguka. Mama Domitila akatoka, anachuruzika mawese, dumu limepasuka. "Nani kafa?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mkaguzi peke yake hakucheka. Aliinama akachungulia gurudumu, akaona paipu iliyobanwa imeachia, akainuka taratibu. "Nani alikuambia ukifeli tunachukua gari?"

Nikamtaja yule mwalimu mwenzangu wa madaftari.

"Ukifeli naandika ubovu, unatengeneza, unarudi. Basi. Umetaka kuua watu kwa hili tu ulilokuwa unaficha." Akaandika. Kile kifaa nilikipata siku ile ile kwenye duka la spea, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya bampa nililolivunja kumkwepa mkaguzi.

Wanafunzi walininyanyasa muhula mzima. "Mwalimu, ni kweli uliua?" Nacheka nao. Ila kuna kitu sijawahi kuwaambia. Pale pale gari lilipopita alikuwa amesimama mama mmoja muuza chai, mtoto mgongoni, ameupa mteremko kisogo. Mtu kwenye foleni akamwita, "Mama, chai huku!" akasogea hatua nne hivi. Nilimwona akisogea. Hakugeuka hata kutazama, na mpaka leo hajui.

Tangu siku hiyo gari langu likivuja hata tone moja, naliacha nyumbani, nakwenda kazini kwa miguu, na anayetaka kunicheka njiani anicheke.