Kosa Linafutwa kwa Moja

Baba mkwe alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba cha skrini, kanipa mgongo, anasoma namba kwenye karatasi kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Mimi nilikuwa ndani nazichapa kwenye kompyuta. Tulifanya kazi hivyo siku tatu. Mgongo ule ulikuwa heshima, si ugomvi. Mkwe na mke wa mwanawe hawakai benchi moja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na kama njia ni nyembamba mmoja anangoja mwenzake apite. Hata bodaboda hatukupanda moja. Kila asubuhi ziliondoka pikipiki mbili kutoka Ilongero, yake mbele, yangu nyuma, zinakwenda mahali pamoja, saa moja, kwa kazi moja. Anayetaka kucheka acheke.

Mashine ilikuwa ya kuchambua mtama mweupe. Punje zinadondoka mbele ya kamera, kamera inaziona, punje nyeusi au kijiwe kikipita, upepo unakipiga kinaangukia pembeni. Kabla yake tulichambua kwa ungo, wanawake kumi na zaidi, kwenye banda lenye vumbi la kukata. Mashine ilipokuja bosi aliuliza nani ana kidato cha nne, nikanyoosha mkono. Nilipata C ya Fizikia. Basi nikawa mtu wa skrini. Chumba cha skrini hakina vumbi, kwa hiyo baada ya kujifungua niliruhusiwa kurudi na mtoto. Bandani mtoto haruhusiwi, na hata angeruhusiwa nisingempeleka. Nilishampeleka kwa kificho siku mbili akiwa na miezi mitatu, kabla ya ruhusa hiyo, akakohoa wiki nzima.

Halafu umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, kadi ya kompyuta ndani ya mashine ikaungua. Kadi mpya ikaletwa. Ilikuwa mpya kweli: haijui chochote. Haijui hata kama kuna kamera.

Bosi ni mama wa mjini, haongei sana. Jumatano asubuhi alisimama mbele yetu akasema, "Mpaka Ijumaa jioni. Ikishindwa kuona, naifunga turubai inarudi ilikotoka. Nyie mtarudi kwenye ungo."

Aliponiangalia mimi, aliangalia na mgongo wangu, alikolala mtoto.

Baba mkwe ndiye fundi umeme wa kiwanda. Mota, mikanda, vikata umeme, hakuna anayemfikia, watu wanamfuata mpaka kutoka Misigiri. Na ndiye aliyeniambia kuna kazi pale. Sitaki mtu aseme nimemdharau. Lakini kazi hii haikuwa ya mota.

Nieleze kidogo. Kamera inapeleka picha kwenye kadi kwa njia nne za waya. Kila njia inapitisha alama moja nyuma ya nyingine, moja na sifuri, kwa foleni, kwa kasi ambayo hata ukielezwa haikusaidii kitu. Ili foleni zitembee, ndani ya kadi kuna rejista. Rejista ni kama kijisanduku chenye swichi thelathini na mbili. Kila kijisanduku kina anwani yake. Unachapa anwani, unachapa namba, swichi zinakaa unavyotaka. Sanduku moja linawasha saa ya kadi, jingine linasema njia ngapi, jingine kasi gani, jingine linafungua mlango. Kuna utaratibu. Ukifungua mlango kabla saa haijatulia, umeharibu, unaanza upya. Mwishoni unasoma sanduku la hali, linakuambia kama kamera na kadi zimeelewana au kuna kosa.

Fundi aliyeuza kadi alituma karatasi ya anwani na namba. Baba akaenda kuichapisha, akakaa nayo mlangoni.

"Andika tano, sifuri, nane, A."

"Nimeandika, baba."

"Subiri saa itulie. Soma."

"Inasoma moja. Imetulia."

"Vizuri. Twende."

Tulikwenda vizuri mpaka mstari wa mwisho. Sanduku la hali lilionyesha kosa. Hilo lilitegemewa, kadi inaamka kabla ya kamera, inaita, haijibiwi, inaandika kosa na kugoma mpaka kosa lifutwe. Karatasi ilisema tu: futa makosa. Haikusema kwa namba gani. Aliyeiandika alidhani kila mtu anajua.

Baba hakusita. "Andika sifuri."

Hapo ndipo pa kueleza, maana hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea nikijua.

Kitabu cha kadi ile kilikuwa kwenye simu yangu, kurasa mia tatu na kitu, Kiingereza kitupu. Nilikisoma chote wakati wa kunyonyesha. Mwanamke anayenyonyesha ana mkono mmoja ulio huru na hakuna anayemtuma maji. Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja unasema: swichi ya kosa inafutwa kwa kuiandikia moja. Ukiiandikia sifuri haifanyi kitu. Kinasema na sababu: ili ukifuta kosa moja usije ukafuta na mengine ambayo hujayaona. Ukiisoma mara mbili ni akili ya kawaida. Ukiwa fundi wa mota, sifuri ni kuzima na moja ni kuwasha, na hakuna haja ya kusoma.

Nilikuwa na namba sahihi kichwani na vidole juu ya vitufe. Nikaandika sifuri.

"Soma."

"Kosa bado lipo, baba."

"Andika tena."

Nikaandika tena. Na tena. Tuliandika sifuri mara nyingi Jumatano ile. Baba mkwe hasahihishwi na mke wa mwanawe. Hiyo sikuisoma kwenye kitabu, nimekua nayo.

Alhamisi akaamua waya ni dhaifu. Tukashusha kasi. Kosa likabaki. Akaamua njia moja mbovu. Tukazima tatu, tukabaki na moja. Kosa likabaki, kwa sababu lilikuwa lilelile la Jumatano, hakuna aliyeligusa. Kufika saa tisa tulikuwa tumeivuruga kadi nzima isipokuwa pale palipotakiwa kuguswa.

Jioni nilimkuta mama mkwe jikoni. Yeye anaongea na mumewe, ndiyo njia.

"Mama, naomba umwambie baba kitu. Kwenye kufuta, si sifuri. Ni moja."

"Nimwambie mume wangu mkwe wake anasema hajui kazi?"

"Sijasema hajui kazi. Nimesema ni moja."

"Moja, sifuri. Geuza ugali, unaungua."

Mume wangu yuko mgodini, nikampigia. Akasema, "Mwache mzee. Si unamjua."

"Namjua. Mashine ndiyo haimjui."

Akacheka. Alidhani natania.

Ijumaa asubuhi nilitumia njia iliyobaki. Mtoto wangu amepewa jina la babu yake, jina ambalo mimi silitamki, kwa hiyo namwita Babu. Mwanamke mwenye neno la kumfikishia mkwe anaongea na mtoto, mkubwa anasikia, hakuna aliyevunjiwa heshima. Nikampakata mbele ya skrini, nikapaza sauti ya kufika mlangoni.

"Babu, unajua hizi rejista za makosa zinafutwaje? Unaandika moja. Sifuri haifuti kitu. Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, babu yangu. Mimi nimesoma."

Mtoto alikuwa anatafuna waya wa kipanya. Mlangoni karatasi ilitulia.

"Mtoto amepata joto," baba aliuambia ua wa kiwanda. "Atolewe nje apate hewa."

Nikatolewa nje pamoja na mtoto. Wanawake wa ungo walikuwa wameketi ukutani wanasubiri kujua kama mashine itashindwa wao warudi kazini, au la, na walikuwa wamesikia kila neno.

"Jamani, fundi kafukuza fundi."

"We mama, mwanao hajaota jino umeshampa rejista? Mwache aanze na uji."

"Msimcheke. Akianza kutembea ndiye atatutengenezea hiyo mashine. Tungoje tu."

Nikacheka nao. Nilikuwa nataka kupiga mtu.

Saa kumi bosi alifika na vijana wawili na turubai. Baba alisimama, akakunja karatasi mara nne.

"Kadi imekufa," alisema.

"Umejaribu yote?"

"Yote."

"Haya. Leteni kamba."

Niliona turubai linakunjuliwa. Niliwaza banda, na kile kikohozi. Nikaingia mlangoni nikiwa nimembeba mtoto, nikapita karibu na baba mkwe kuliko mkwe anavyopaswa kupita.

"Bosi, kadi haijafa. Kosa halijafutwa."

"Nani anasema?" aliuliza baba. Aliniuliza hivyo wakati niko hatua mbili kutoka kwake.

"Mimi, baba. Halifutwi kwa sifuri. Linafutwa kwa moja. Iko kwenye kitabu."

Bosi akanigeukia. "Umejua lini?"

"Jumatano."

"Na tangu Jumatano ulikuwa unaandika nini?"

"Sifuri."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, hilo sikujiandaa nalo. Nilidhani mwenye kosa ni mmoja. Wanawake wote ukutani walilijua jibu, aliyelihitaji ni yeye tu, mama wa mjini.

"Niliambiwa," nikasema.

Bosi alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, na sina cha kumlaumu. Akasema, "Una nusu saa."

Nilimkabidhi mtoto kwa mama mmoja wa ungo, nikazima mashine, nikaiwasha upya ili yale yote tuliyovuruga yapotee. Nikaanza mstari wa kwanza. Saa ya kadi. Nikasubiri itulie. Njia nne, zote. Kasi ileile ya juu iliyoandikwa, maana waya haukuwa na ubaya wowote tangu mwanzo. Nikafungua mlango. Nikasoma sanduku la hali: kosa. Nikaandika moja. Nikasoma tena.

Safi. Kamera na kadi zimeelewana.

Skrini ilikuwa nyeusi kwa muda, halafu ikatokea punje moja ya mtama iliyokuwa imekwama kwenye mfereji tangu umeme ulipokatika, kubwa kama yai la bata, na vumbi lake. Nikamwambia kijana afungue mtama. Zikaanza kudondoka. Nyeusi ilipopita upepo uliipiga, paf, ikaenda zake. Nyingine, paf. Wanawake wakapiga vigelegele. Sijui walikuwa wanashangilia nini, maana kwa wengine wao ile ndiyo ilikuwa kwaheri. Nililiona hilo siku ileile. Mpaka leo sina la kulisemea.

Bosi akawaambia vijana wakunje turubai. Kwangu akasema, "Jumatatu uje kama kawaida. Na siku nyingine ukijua kitu, sema."

Rahisi kusema. Yeye hana baba mkwe Ilongero.

Mzee alikuwa ameshaondoka.

Nyumbani mama mkwe hakunipa salamu. "Umemvua nguo baba yako mbele ya watu," alisema, na Jumapili baada ya ibada nikaitwa sebuleni. Nilipiga magoti mbali kidogo, kama inavyotakiwa, macho chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naomba unisamehe kwa kusema mbele ya watu."

"Na kwa kumkosoa," mama akaongeza.

Hilo sikulirudia.

"Na kwa kumkosoa," akarudia, taratibu, kama ananisomea namba.

"Kwa kusema mbele ya watu," nikarudia na mimi.

Ningekaa pale mpaka magoti yaote mizizi. Nilikuwa tayari kuomba radhi kwa sauti yangu na kwa mlango niliopita. Kwa ile moja, hapana. Nilishaandika sifuri siku tatu nikijua, na karibu mwanangu arudi bandani kwa heshima yangu.

Mzee akainua kiganja. "Inatosha." Akakuna goti. Halafu akaniuliza mimi, si ukuta wala mkewe, "Kwenye hicho kitabu. Rejista ya joto. Nayo inafutwa hivyohivyo?"

"Nayo ni moja, baba. Ila ile ya kuzima njia ni sifuri."

"Mbona zinatofautiana?"

"Kila sanduku lina maelezo yake. Lazima kusoma."

"Kile Kiingereza." Alitikisa kichwa. "Utakuwa unasoma wewe. Unaniambia."

"Nikuambie mwenyewe, au niwe namwambia mtoto?"

Mama mkwe akaziba mdomo kwa kanga. Nilijua nimevuka, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa swali la kazi, nilihitaji jibu.

Mzee alilifikiria kwa haki. Alilipima kama anavyopima waya kabla ya kuugusa.

"Nyumbani, mtoto," alisema. "Kazini, mimi."

Nikasema sawa, baba. Nilikuwa bado na hasira, na magoti yalikuwa yanauma.