Kopo la Skrubu Zisizohitajika

Mtaani walimwita Injinia, na alijua fika kwamba wanamcheka. Aliitika hivyo hivyo. Mtu aliyekaa masjala miaka thelathini na moja akipanga mafaili na kugonga mihuri, akistaafu na kupewa cheo cha bure, atalalamika nini?

Ushauri aliugawa hata kwa wasiouomba. Chomoa waya kabla hujafungua chochote. Piga picha kabla hujagusa skrubu, ujue kila kitu kilikaa wapi. Simu ikiingia maji izime, wala usiichaji mpaka ikauke. Ulikuwa ushauri mzuri kabisa, ila yeye mwenyewe hakuufuata hata siku moja. Picha za nini, na macho anayo?

Ndiyo maana kila alichokifungua, akishakifunga, skrubu moja mbili zilibaki mezani. Mwingine angeona aibu. Yeye alizifungulia jalada. Alizitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, akaandika tarehe na maelezo: "Pasi. Skrubu mbili. Hazihitajiki." Bahasha zote zilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na kama ilivyokuwa masjala, jalada likishafungwa hakulifungua tena. Vifaa navyo vilimheshimu. Pasi ilipata moto, redio iliimba, feni ilizunguka. Si siku ile ile, lakini baada ya siku mbili tatu vilikubali.

"Vinataka kupumzika kwanza," alimweleza mkewe.

"Haya," mkewe alijibu, akaendelea kushona.

Mkewe alishonea kwenye chumba cha mbele, na wateja hawakukauka. Mmoja tu ndiye aliyemkera Injinia, mwanamke mwenye mkoba mkubwa aliyekuja kila mara lakini hakuonekana hata siku moja na nguo mpya. "Achana naye huyo," Injinia alimshauri mkewe. "Haridhiki."

Mwaka huo mkewe alipata kazi kubwa ya kwanza maishani mwake: sare thelathini za wauguzi, za kuchukuliwa Jumamosi asubuhi. Zikikamilika, ushonaji wote wa hospitali ile ungekuwa wake. Zisipokamilika, muuguzi mkuu alishasema wazi kwamba mafundi wa nguo ni wengi. Ijumaa asubuhi, zikiwa zimebaki tisa, cherehani ikaanza kuruka mishono.

"Sindano imepinda," mkewe alisema, akijifunga mtandio. "Naenda dukani kuleta nyingine. Baba watoto, nakuomba, usiiguse."

Hakuigusa kwa dakika kama tatu hivi. Halafu akajiuliza, mashine nzito namna ile itasumbuliwa vipi na kisindano? Akaifungua tumbo, akaikuta kavu. Chupa ya mafuta ya cherehani ilikuwa imekwisha, lakini jikoni mafuta yalikuwepo, na mafuta ni mafuta. Alimimina kwa kijiko, bila choyo. Alipoifunga, zilibaki skrubu tatu na springi moja. Akaziandikia bahasha, kisha akazungusha gurudumu. Halikuzunguka. Akalisukuma kwa mikono miwili, likakaa kimya.

"Inataka kupumzika," alijiambia, na kwa mara ya kwanza hakujiamini.

Mkewe aliporudi alisimama mlangoni akinusa. "Mbona cherehani inanukia kama jikoni?"

Injinia alieleza yote, hata kijiko. Mkewe aliketi akiwa na sindano mpya mkononi, akaziangalia sare zilizokatwa na hazijashonwa. Hakugomba. Afadhali angegomba. Akachukua simu.

"Njoo sasa hivi," alisema. "Ndiyo, yupo. Njoo tu."

Aliyeingia alikuwa yule mteja asiyeridhika. "Shikamoo, mzee," alisema, akautua mkoba mezani, akatoa bisibisi za kila saizi, matambara na chupa ya mafuta ya mashine. Akainamia cherehani, akavuta pumzi. "Ya kupikia?"

"Ya alizeti," Injinia alijibu kwa unyonge.

"Sawa. Naomba bahasha ya leo. Ile haijafika kwenye kopo bado, au sivyo?"

Injinia aliitoa mfukoni. Halafu akapanda kiti, akalishusha kopo. Lilikuwa jepesi. Akafungua bahasha ya pasi, tupu. Ya redio, tupu. Ya feni, ya blenda, ya kengele ya mlango, zote tupu. Miaka sita ya majalada, na skrubu hakuna hata moja.

"Zilirudi mahali pake kila ulipotoka, mzee," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Na umenirahisishia sana. Kwenye nyumba nyingine natafuta skrubu chini ya makochi. Kwako kila kitu kimeandikwa."

Injinia alimgeukia mkewe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulipostaafu ulikaa kwenye kiti kile miezi minne, huongei," mkewe alisema. "Siku redio ilipoimba ulicheka peke yako. Sasa mimi ningesema nini?"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Na chini ya aibu kulikuwa na upendo, mwingi kiasi kwamba ilibidi ajifanye anapanga bahasha.

Fundi alifuta mafuta yote, akarudisha springi, akafunga skrubu ya mwisho. Mke wa Injinia akatia sindano mpya, akakanyaga. Cherehani ikakimbia, mshono ukanyooka, naye akavuta sare ya ishirini na mbili bila hata kupumua.

Ndipo jirani alipobisha hodi, amekumbatia blenda. "Injinia, hii haizunguki."

Mkono wa Injinia ulikwisha kuifikia bisibisi. Akaurudisha.

"Mpe huyu dada," alisema. "Fundi ni yeye."

Jirani alimtazama huyu, akamtazama yule. "Na wewe je?"

Injinia alikwisha kuchukua bahasha mpya ya kaki na kuandika tarehe.

"Mimi," alisema, "niko masjala."