Pinioni ya Meno Tisa

Severine alikuwa mtu wa kushuku. Ukimpa chai anainusa kwanza, na akikuta watu wawili wamenyamaza, basi walikuwa wanamsema yeye. Lakini kwenye difu, ile mashine ya ekseli inayozungusha magurudumu ya nyuma, jamani, mpeni haki yake: mtaa mzima wa Gerezani hakuna fundi aliyemfikia. Alikuja Dar kutoka Masasi na mfuko wa kitambaa, hana pa kulala, na aliyemwokota ni Shaibu, mtoto wa Magomeni, akampeleka kwa mama yake wakala sahani moja. Miaka kumi na mmoja sasa walikuwa na banda moja la ufundi, wanaitana ndugu, na wateja walidhani ni ndugu kweli, ingawa mmoja alikwenda kuswali Ijumaa na mwingine kusali Jumapili.

Mwaka wa themanini na tatu, msako wa walanguzi umepamba moto, Bwana Sadalla wa Upanga akawaletea spoti yake, kigari cha zamani cha Kiingereza, viti viwili, kifupi hata mbuzi angeweza kuchungulia ndani. Difu ilikuwa imesagika. Ndani ya difu mna gurudumu kubwa la meno, ndilo krauni, na dogo linalolizungusha, ndilo pinioni, na hilo lilikuwa limevunjika. Difu hii ilikuwa ya meno thelathini na saba kwa tisa. Wala si meno tu: hayo mawili husagwa pamoja kiwandani na kuandikwa namba moja, ndiyo maana mafundi huyaita mke na mume. Ukimpa mke wa huyu mume wa yule, difu italia njia nzima mpaka ivunjike.

Wakatafuta mwezi mzima. Madukani rafu zilikuwa tupu. Kwenye vyuma chakavu walipata krauni ya gari la saluni, inafanana kabisa, Shaibu akashangilia. Severine akahesabu meno kwa chaki: thelathini na tisa. Akahesabu tena, maana hata macho yake hakuyaamini. Hapo kushuku kwake kulikuwa na faida, tuseme ukweli. Bwana Sadalla naye akachoka, akawaambia Jumamosi analivuta gari lake kwa fundi mwingine.

Alhamisi asubuhi Severine alifika bandani, akanyoosha mkono rafuni, na ile pinioni iliyovunjika, aliyoifunga mwenyewe kwa gazeti, haipo. Na Shaibu hayupo. Mtu mwingine angejiuliza chuma kilichovunjika kina kazi gani, akatulia. Severine akapata jibu papo hapo: Shaibu amepata difu mahali, anataka kulitengeneza gari peke yake na kumchukua Bwana Sadalla. Miaka kumi na mmoja, kumbe nyoka!

Akatoka mbio. Mtaa wa Msimbazi akamwona mbele, kifurushi kwapani, anageuka nyuma mara mbili. Anageuka nini kama hana lake? Akamfuata, akapita sokoni kwa kujificha nyuma ya matenga ya nyanya, mpaka Mtaa wa Sikukuu, kwenye nyumba ya Bi Kuruthumu, mjane wa muuza spea ambaye duka lake lilifungwa zamani. Severine akachungulia kwenye ufa wa ua. Shaibu alifungua gazeti, yule mama akaigeuza pinioni, akaiweka mkekani, wakanong'ona. Kisha Shaibu akaondoka mikono mitupu.

Hapo ndipo alipoharibu. Badala ya kumkimbilia mwenzake amuulize, alikwenda nyumba ya tatu kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Mrisho.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Nyumba ile ya mjane, mzee. Kuna magendo."

Alitaka waulizwe tu. Hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye, mara nyingi. Lakini mwaka ule neno magendo halikuwa la kuuliza. Balozi alikuja na mgambo wawili, wakagonga, mmoja akapaza sauti, "Msako!" Bi Kuruthumu akafanya walichofanya watu wote mwaka ule. Severine, pale nje ya ua, alisikia mlango wa choo cha shimo ukifunguliwa, halafu tubwi! Na tena, tubwi!

Mgambo walipekua wakaambulia pinioni moja iliyovunjika. Wakacheka, wakaenda zao. Bi Kuruthumu akabaki mlangoni, akaitazama mikono ya Severine yenye grisi.

"Wewe ndiye Severine."

"Ndimi, Bi mkubwa."

"Ndugu yako kaja hapa mara nne, namwambia sina kitu. Siku hizi nani anafungua stoo bila kuona chuma cha zamani? Anayekuja mikono mitupu huwa mpelelezi. Leo kaleta, nikaamini ni fundi. Nikamwambia adhuhuri aje achukue." Akanyoosha kidole chooni. "Thelathini na saba kwa tisa. Mke na mume, namba moja, marehemu aliwafunga waya kwa mkono wake. Nimeukata waya leo ili Shaibu akija aisome namba. Haya, kawazoe!"

Severine akauliza, "Mbona hakuniambia?"

"Mimi nilimkataza. Nimesikia unavyoshuku watu. Akaniapia kwamba humwonei mtu, ni woga tu."

Adhuhuri Shaibu alikuja na gunia la kubebea, akaelezwa yote pale pale. Hakupiga kelele. Alisema, "Ungeniuliza tu, ndugu yangu," akalikunja gunia akaondoka.

Severine alivua shati, akaomba kamba na ndoana ya chuma, akavua kwenye shimo lile siku mbili, watoto wa mtaa wakiziba pua na kucheka. Krauni aliipata. Pinioni haikuonekana tena. Jumamosi Bwana Sadalla akaja na kamba, akalivuta gari lake.

Shaibu hakuhama banda. Afadhali angehama! Alikuja kila asubuhi, akasalimia vizuri, akafanya kazi. Ila kila jioni kabla ya kuondoka alisimama mbele ya Severine, akageuza mifuko ya suruali nje, mmoja baada ya mwingine.

"Acha, Shaibu. Nakuomba, acha."

"Tazama kwanza," Shaibu alisema, "ndipo niende nyumbani."