Pori la Mama Mlangoni kwa Bibi

Harufu ya majani yale, kali na chungu kidogo, ikinipata popote hunirudisha kijijini Daa, kwenye uwanja wetu wa udongo mwekundu, mwaka ule mama na bibi hawakuelewana. Bibi, mama yake baba, aliamini kwamba nyumba ya watu wa maana hujulikana kwa uwanja wake. Kila asubuhi tulifagia mpaka ardhi ikabaki tupu, maana penye majani pana nyoka. Sisi tulianza kuuondoa udongo kwa ufagio, mvua ikamalizia. Korongo lililoanzia shambani lilipanda kila masika, likameza banda la kuku, na sasa mdomo wake ulikuwa karibu na ukuta wa chumba alicholala bibi.

Mama alikwenda kwao Buger akarudi na gunia lililolowa, limejaa miche ya kichaka kifupi cha porini, kile chenye majani ya harufu kali, kinachotambaa na kubaki kijani hata kiangazi. Akaipanda mtelemkoni kati ya ukuta na korongo, akayalaza matawi na kuyakandamiza kwa mawe ili yaote mizizi kila yalipogusa udongo. Mimi niliyamwagilia maji ya kuoshea vyombo. Yalitambaa polepole mno. Nikiamka niliangalia korongo kwanza, halafu vichaka, kuona nani amesogea. Bibi hakuangalia. "Mama Pendo, umeniletea pori mlangoni," alimwambia mama, akaendelea kufagia.

Kipaimara changu kilipokaribia, bibi alitaka uwanja wote ufagiliwe kwa ajili ya wageni. Siku ya kufagia baba alikuwa mnadani. Nyoka mweusi alitoka vichakani, akapita mbele ya miguu yangu bila haraka, akarudi humo humo. Nikapiga yowe. Bibi akatoka na jembe aving'oe vichaka. Mama akaingia katikati ya vichaka, pekupeku, na nyoka yumo.

"Mama, nakuheshimu," alimwambia bibi. "Lakini ukiving'oa, mvua italala kitandani kwako."

"Afadhali mvua. Toka humo, wajukuu zangu wasije wakabaki bila mama!"

Nilitaka mama ashinde, na nilitaka atoke pale, vyote kwa nguvu moja. Ndipo ngurumo ikapiga, na matone makubwa yakatufukuza sote ndani.

Bibi alikaa chumbani mwake, mgongo ukutani, akakataa kuhamia kwetu. Tulisikia udongo ukiporomoka korongoni, kipande baada ya kipande, na kila kilipoanguka mama alimwita, na bibi aliitika kwa kukohoa tu. Mvua ilipokatika, sehemu iliyofagiliwa ilikuwa imeondoka pamoja na njia ya jikoni. Mbele ya chumba cha bibi vichaka vilikuwa vimelala kwenye matope, lakini vimeshika. Bibi alivitazama sana. Aliinama, akalaza tawi lililofunuliwa na maji, akaliwekea jiwe. Kisha akaniambia, "Ukipita hapa, piga mguu chini kwanza. Nyoka naye asikie kuna mtu."

Sasa ninaishi Karatu mjini. Uwanja wangu nimeutandazia vitofali vya saruji. Hakuna jani, hakuna nyoka, na wageni huusifu. Mvua ikinyesha, maji yote hutoka getini kwa kasi na kushuka kwa jirani yangu, mjane mzee mwenye nyumba ya matofali mabichi. "Mwanangu, maji yako yameingia tena," aliniambia juzi, bila kufoka. Iliniuma kuliko kama angenitukana. Nikaenda Daa, mama akanijazia gunia la miche. Nimeng'oa vitofali vya upande wa chini, nimelaza matawi, nimeyawekea mawe. Hayajashika bado. Na leo wingu jeusi limesimama upande wa Ngorongoro, nami niko getini, nikiuangalia ukuta wa yule mjane.