Mabega Mawili kwenye Mteremko wa Kadutu

Uwanja wetu wa mieleka pale Kadutu umeinama. Sisemi hivyo kujitetea. Bukavu nzima imeinama, na padri aliyetuazima ua wa parokia alitupa kipande kilichobaki baada ya kwaya kuchukua penye usawa. Tunamwaga maranda ya seremala, tunanyunyiza maji, tunapiga filimbi. Watoto hukamatana juu, karibu na pango la Bikira Maria, na kumalizia chini karibu na choo. Mwamuzi, ndiye mimi, anatakiwa aseme kama aliyeanguka ameangushwa na mwenzake au na mlima.

Kanuni yenyewe inasikika rahisi: mabega yote mawili yakigusa chini kwa pamoja, umeshindwa. Lakini watoto hawaanguki kwa utaratibu. Bega moja linagusa, la pili limefichwa na tumbo la mwenzake, nami nimelala kifudifudi, maranda puani, nalitafuta. Wakati huo maman mmoja anayepita nyuma ya ukuta na mzigo wa majani ya sombe kichwani ameshayaona yote mawili, na anatangaza.

Ndiyo maana tukajipatia desturi. Ubishi ukizidi, watoto wanageuzwa na watu wanatazama migongo. Mwenye maranda mgongoni ndiye aliyelala. Nimeilaani desturi hiyo mara nyingi, na imeniokoa mara nyingi zaidi. Hata hivyo kila Jumamosi narudi nyumbani na sifa ile ile, kwamba arbitre anakosea. Padri, mtu wa amani, aliwahi kuniuliza kwa upole kama nimepima macho.

Jumamosi moja mwaka jana tulikuwa tunatafuta msichana wa kupanda boti kwenda Goma kwa mashindano ya vijana. Walibaki wawili: mmoja wa Ibanda, mmoja wa hapa hapa Kadutu, binti wa mama mmoja anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani. Kabla ya pambano yule muuza sambaza alinivuta kando.

"Papa arbitre, nakuambia mapema. Akishinda, aende Goma. Akishindwa, mambo ya mieleka iliisha, anakuja kunisaidia ku soko. Mutoto mwanamuke hawezi kucheza-cheza kila siku."

Nilimpenda yule mtoto, niseme wazi. Alikuwa mdogo, mbishi, na akiwa kwenye maranda alicheka peke yake. Nilisimama katikati nikiomba nisione kitu, kama kawaida yangu.

Raundi ya kwanza walibingirishana bila mshindi. Katika ya pili binti wa Kadutu alimnyanyua mwenzake vizuri kabisa, mlima ukamsaidia kuliko alivyohitaji, akapitiliza, akaanguka chali, wa Ibanda juu yake. Nikajitupa chini. Hakuna mguu ulionizuia kuona, hakuna vumbi machoni, jua lilikuwa safi. Mabega mawili, chini, wazi kama sahani mezani. Miaka yote nabahatisha, na siku hiyo ndiyo nikapewa macho. Nilipuliza filimbi kwa hasira.

Kabla sijainuka, mama yake alikuwa ameshaingia uwanjani na kitenge mkononi, anampangusa mtoto mgongo. Alifanya haraka, hakuacha hata chembe. Watu wakadai migongo. Wa Kadutu ulikuwa safi. Wa Ibanda ulikuwa bado na maranda ya raundi ya kwanza.

"Wa kwetu anashinda! Arbitre, angalia!"

Ningeweza kuangalia migongo kama wengine, na hakuna ambaye angenilaumu. Niliinua mkono wa msichana wa Ibanda. Mmoja akaniita mwizi, mwingine kipofu, na hayo nimeyazoea. Kilichoniuma ni yule mtoto, ambaye alinitazama tu, hakubisha.

Watu walipotawanyika, mama yake alibaki. Nikajiandaa kutukanwa.

"Papa, uliona kweli?"

"Niliona, maman. Yote mbili."

"Na miye niliona." Alikung'uta maranda kwenye kitenge chake, akakikunja polepole. "Lakini weye, kila samedi unakosea. Leo tu njo unashindwa kukosea?"

Binti yake alikuwa ameshatangulia kwenye njia ya sokoni, beseni la sambaza kichwani.